Magnesiamu ya Mama

Tulimkuta mama karibu na Makuyuni, kiatu kimoja mguuni, kanga imemshuka begani, anatembea kwa haraka ya mtu aliyeitwa. Niliruka kutoka kwenye bodaboda kabla dereva hajaisimamisha vizuri.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Uchungu umemshika mke wa Sufiani. Nipisheni."

Mke wa Sufiani alijifungua salama mikononi mwake nilipokuwa darasa la pili. Mtoto yule sasa ana watoto wake.

Mama yangu, Mwanaidi, alikuwa mkunga wa jadi kule Magoma kwa miaka thelathini. Hakuandika kitu. Kichwani mwake alijua nani alizaliwa lini, nani alitanguliza miguu, nani hakulia mpaka alipopigwa makofi. Alipoanza kuinjika maji na kuyasahau mpaka sufuria inaungua, nilimhamishia kwangu Korogwe, ambako nina duka la dawa, na ndiko alikotoroka siku ile ya Makuyuni.

Hilo duka ndilo lenye aibu yangu. Muuza dawa atakaaje mikono mitupu mbele ya mama yake? Rafuni nilikuwa na vidonge vya magnesiamu. Wateja walivinunua kwa misuli inayokaza. Nikasoma kwenye simu kwamba ubongo nao unayahitaji madini hayo, kwamba huenda yakasaidia kumbukumbu. Hilo neno "huenda" nililiona. Nikalipita kama mtu anavyompita jirani asiyetaka kumsalimu.

Wiki ya tatu ya kumpa vidonge hivyo, mama alianza kupata usingizi. Asubuhi moja, akichambua mchicha, akaniita kwa jina.

"Hajira, wewe ulinisumbua kuliko wote. Siku mbili nzima za uchungu, na mvua juu!"

Nilicheka mpaka nikalia. Siku hiyo hiyo nikaongeza dozi mara mbili.

Kwanza akaharisha. Kisha akawa mzito, kope hazifunguki, miguu kama ya kuazima. Hospitalini, daktari alirudi na majibu ya damu, akavuta kiti akakaa.

"Nani alimwongezea vidonge?"

"Mimi."

"Figo zake zimechoka, dada. Madini yanabaki mwilini, hayatoki. Acha kabisa."

"Nikiacha, kumbukumbu itakuwaje?" Nikamsimulia ile asubuhi ya mchicha, kila neno, kama anayetoa ushahidi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Siku kama hizo huja zenyewe," akasema taratibu. "Na huondoka zenyewe."

Walimtundikia dripu siku nne. Mwili ukapata nguvu, nikarudi naye nyumbani. Nilipofungua duka nilisimama mbele ya rafu muda mrefu: dawa za minyoo, za kikohozi, za presha. Mteja aliniuliza mara mbili kama nilikuwa nauza au la.

Jumatatu nilimpelekea uji. Alikuwa ameketi kitandani, kanga kaifunga vizuri, nywele kazichana mwenyewe. Aliponiona akajiweka sawa, akainamisha kichwa kama binti aliyelelewa na watu.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Kikombe kiliniunguza vidole. Alikuwa akingoja, na wasiwasi ulishaanza kumwingia machoni, kwa sababu mkubwa asipoitikia, mtoto hudhani amekosea.

"Marahaba," nikaitikia.

Akatabasamu, akapokea uji kwa mikono miwili.