Sindano ya Mama Mkwe

Dawa ya buluu ya kupimia mkojo ilikuwa imeshageuka kijani, na Shikanga aliendelea kuipitisha neli ya kioo juu ya moto wa spiriti, akiitikisa polepole isije ikafoka. Kijani kikawa manjano. Akahesabu kimoyomoyo hadi sitini. Alipoitoa motoni, yaliyomo yalikuwa mekundu kama tofali.

"Huyu sukari imempanda sana," alimwambia Wandera, mlinzi wa dispensari, ambaye ndiye aliyeleta kichupa cha mkojo kutoka nje. "Ni wa nani?"

"Kadi hii hapa, daktari."

Shikanga alikuwa muuguzi, si daktari, lakini katika dispensari ile, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Lubao, hakuna aliyejali tofauti hiyo. Alisoma jina, akaiweka kadi mezani. Awinja. Mama mzazi wa Gentrix, mke wake.

Kwa miezi minne mama huyo alikuwa akidungwa insulini kila asubuhi na Sista Dorothy, muuguzi wa pili, ambaye nyumba yake ilikuwa humo humo uani. Saa hiyo Shikanga huwa katika chumba cha dawa, mlango umefungwa. Lakini Jumamosi, baada ya kumdunga, Dorothy alikwenda mjini Kakamega kwa mafunzo ya wiki mbili. Jumapili mama hakudungwa. Leo ilikuwa Jumatatu, na kadi ilisema wazi: Februari 1996 mgonjwa alilazwa siku kumi na tisa, tatu kati ya hizo bila fahamu, kwa kukosa dawa.

Shikanga alichungulia dirishani. Mama Awinja alikuwa ameketi kwenye benchi la barazani, leso imeshuka hadi kwenye nyusi, ameupa mlango mgongo. Alikuwa ameshamaliza chupa ya maji aliyokuja nayo na sasa alimwomba Wandera nyingine.

"Mwambie asirudi nyumbani bila sindano," Shikanga alisema.

Baraza lilikuwa hatua tatu tu kutoka mezani na kila neno lilisikika pande zote mbili, lakini Wandera aliyabeba maneno kama barua.

"Mama, mkwe wako anasema sukari imepanda."

"Amejuaje?"

"Ameuchemsha mkojo wako."

"Yeye mwenyewe?"

"Kwa mikono yake."

"Nyasaye wangu! Si ungemwambia ni wako, Wandera?"

"Wangu haungegeuka mwekundu, mama. Ungewaka kwa pombe."

Mama Awinja alitaka kucheka, akajizuia.

Katika ukoo wake, kama katika ukoo wa Shikanga, mume wa binti hampi mama mkwe mkono. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye miwa mwenzake apite. Kumshika paja ni jambo ambalo halina hata maneno ya kulisemea. Shikanga alikuwa amedunga mapaja mengi ya wanawake wa umri ule bila kuwaza lolote. Sasa aliwaza. Aliona kwamba hata mama akikubali leo kwa sababu ya ugonjwa, kesho hatakuja. Atakaa nyumbani aseme amepona.

"Muulize kama anaweza kwenda hospitali ya mjini."

"Kila siku?" sauti ilijibu kabla Wandera hajageuka. "Kwa miguu hii?"

"Basi nimdunge mimi, daktari," Wandera alisema kwa sauti ya chini.

"Nimesikia! Mikono hiyo inamwaga chai, sembuse sindano. Usinikaribie."

"Au daktari afumbe macho," Wandera alisema.

"Nitadunga benchi," Shikanga alisema.

Alikitoa kichupa kwenye friji, akakiviringisha kati ya viganja mpaka dawa ikachanganyika, akavuta hadi alama ya ishirini na nne. Aliiweka sindano kwenye trei pamoja na pamba yenye spiriti, na Wandera akaipeleka kwenye benchi. Shikanga alisimama nyuma ya mlango, akaanza kuuambia ubao wa mlango.

"Mtu akitaka kujidunga, kwanza hupangusa paja kwa ile pamba."

Nje trei ilisikika ikiguswa. Kisha: "Halafu?"

"Hubana ngozi kwa vidole, kama anayekunja pindo la nguo."

"Na mtu huyo akiogopa?"

"Huogopa kidogo, halafu hudunga."

"Wandera, geuka."

"Nimegeuka, mama."

"Geuka zaidi."

Benchi lililia. Shikanga aliushika mlango akangoja.

"Imeingia," Mama Awinja alisema.

"Mtu husukuma polepole hadi mwisho, kisha huhesabu kumi ndipo anachomoa."

Mama alihesabu kwa Kiluhya, akarudia sita mara mbili. "Imekwisha," alisema. "Dorothy hudunga kama anayedunga ng'ombe."

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Alhamisi Shikanga alitakiwa kwenda vijijini na chanjo za watoto, na Jumapili dispensari hufungwa. Siku hizo mama angelazimika kuvuta dawa mwenyewe, naye hakuwahi kusoma tarakimu. Shikanga alibandika kipande cha plasta kwenye sindano nyingine, ukingo wake ukiwa juu ya ishirini na nne kamili, akampa Wandera aipeleke pamoja na kichupa kikuukuu chenye maji ya kujifunzia.

"Mpira mweusi wa ndani ukifika kwenye ukingo wa plasta, mtu husimama hapo."

Mara ya kwanza mama aliupita. Mara ya pili aliufikia.

"Kuna mapovu?" Shikanga aliuliza.

"Kama soda," Wandera alisema.

Mara ya tatu mapovu yalikuwa machache, lakini mpira ulisimama kabla ya ukingo wa plasta. Shikanga alitazama saa. Dakika ishirini zilikuwa zimepita tangu mama ajidunge.

"Mtu aliyedungwa lazima ale sasa."

"Ngoja nijaribu mara moja tu."

"Akikawia ataanguka njiani."

Mama Awinja aliiweka sindano kwenye trei bila haraka. Alijifunga leso, akashuka ngazi, akaenda kwa njia ya miwa bila kugeuka nyuma.

Alipopotea kwenye kona, Shikanga alifungua mlango, akaichukua trei. Aliyamwaga uani maji ya ile sindano na kuangalia kama plasta haijasogea. Kisha aliandika kwenye kadi: *Amejidunga mwenyewe. Kuvuta dawa bado. Kesho saa moja, kabla ya wengine.*