Siku Iliyokosa Kipimo

Niliota alfajiri ya leo kwamba Joto limeketi katika kiti changu, limevaa miwani yangu, na linasoma gazeti langu kwa utulivu wa mtu aliyelinunua mwenyewe.

Sina desturi ya kusimulia ndoto. Ndoto ni shughuli ya tumbo, na mtu aliyefundisha jiografia miaka thelathini na moja hapaswi kulipa tumbo lake nafasi ya kuzungumza mbele ya watu. Hii naisimulia kwa sababu moja tu, nayo itaonekana mwishoni.

Kwanza niseme hali halisi ilivyokuwa. Mtaa wetu uko bondeni, mkoani Pwani. Kwa wiki sita hapakunyesha hata tone, na joto likawa la kuandikwa magazetini. Kisha watabiri wakatangaza kwamba dhoruba kubwa iko njiani. Jirani yangu Pazi Kondo, fundi seremala, Mzaramo, na kwa hiyo mtani wangu mimi Mnyamwezi, akapendekeza mtaro wa mtaa upanuliwe. Nyumba yake ndiyo ya mwisho kule chini, na ndani yake yumo mama yake, Bi Siwema, ambaye miguu yake iliacha kazi miaka mitatu iliyopita. Kuupanua mtaro, hata hivyo, ni lazima kuvunja kibaraza changu cha saruji, nilichokijenga kwa mikono yangu na ambacho Pazi hukikalia kuliko mimi. Mkutano wa kuamua uliitishwa leo, saa nne asubuhi.

Mimi nilipinga. Sikupiga kelele, nilileta daftari. Kwa miaka ishirini na sita nilipima mvua na joto katika kituo kidogo cha hali ya hewa cha shule yetu, kila siku saa tatu asubuhi, bila kukosa. Daftari linasema mvua kubwa kuliko zote ilikuwa milimita sabini na moja. Mtaro uliopo unameza sabini na moja bila kukohoa.

"Tabianchi imebadilika, Mwalimu Lugusha," Pazi aliniambia jana jioni, kifua wazi, akijipepea kwa kipande cha mbao. "Hilo daftari lako ni la dunia iliyokwisha."

Nilimjibu kwamba dunia haibadiliki kwa sababu Mzaramo mmoja anatoka jasho. Nikaenda kulala nikiwa nimeshinda.

Basi, Joto linashusha gazeti.

"Mwalimu," linasema, "uniwie radhi kwa kutokuamkia. Sijui nani amwamkie nani. Umri wangu unabishaniwa. Wapo wanaosema nimezaliwa juzi, na wapo wanaosema nimekuwapo tangu enzi za babu zao."

"Wewe mwenyewe wasemaje?"

"Mimi sijapata kuulizwa."

Niliona ni jibu la kiungwana. Nikaketi mkekani, kwa kuwa kiti hakikuwa na nafasi.

"Nimekuja kuandikishwa," Joto likaendelea. "Jana mchana nilifika thelathini na nane nukta nne. Ni rekodi. Naomba saini yako."

"Kanuni inajulikana. Joto hupimwa kivulini."

"Ndiyo shida yenyewe, Mwalimu. Kivuli kimehama."

Nikatazama dirishani. Kweli, Kivuli cha ule mti wa mkungu tulioukata Novemba kinapita barabarani, godoro kichwani, birika mkononi. Nikakiita. Kikanijibu bila kusimama kwamba hakiwezi kuendelea kuishi mahali ambapo mwenye nyumba wake amegeuzwa mkaa.

"Na mimi uniandikie barua ya kustaafu," likasema pangaboi kutoka darini, likizunguka polepole. "Kazi yangu ni kulichukua joto la kona hii kulipeleka kona ile. Likifika kule linaniuliza kwa nini limehamishwa. Sina jibu."

Kabla sijalijibu, pakapigwa hodi. Mlangoni limesimama Wingu, jeusi, limechana nywele kwa mstari wa pembeni, na kwapani lina jalada.

"Karibu, keti," nikasema.

"Ahsante, sikai. Nikikaa mkeka utaloa." Likafungua jalada. "Mtaa huu una nyumba kumi. Mmetabiriwa uwezekano wa mvua wa asilimia sitini. Kwa hiyo nyumba sita zitanyeshewa na nne zitabaki kavu. Naomba majina."

Nikalieleza kwamba asilimia hazitumiki hivyo. Likanionyesha mhuri. Sikuwa na hoja dhidi ya mhuri.

"Andika Mnyamwezi wa kwanza," ikasema sauti nyuma yangu. Ni Pazi, amevaa kanzu ya harusi na kiatu kimoja. "Hao walizaliwa na mzigo kichwani. Mvua atabeba tu, hata hataiona."

"Na Mzaramo wa pili," nikasema. "Yeye huna haja ya kumfuata. Akisikia radi atadhani ngoma, atatoka mwenyewe."

Radi ikapiga. Pazi akatikisa bega moja. Akajizuia. Ikapiga tena, akatikisa la pili.

"Anachezwa mwali wa nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

Nilipogeuka kumcheka, ukuta wa sebule haukuwapo. Tuko uwanjani shuleni, mbele ya kile kibanda cheupe cha vipimo, na kwenye viti vya plastiki imeketi miaka ishirini na sita ya daftari langu, kwa mpangilio, kila mmoja umekunja mikono. Nyuma yao wamejaa watu wa mtaa. Meza kuu ameketi Wastani.

Wastani hakuwa mrefu wala mfupi, mnene wala mwembamba. Uso wake ulifanana kidogo na wa kila mtu aliyekuwapo.

"Ninawashukuru kwa kuja," akasema. "Mimi watu hunitaja sana lakini hakuna aliyewahi kunikuta nyumbani. Kila anayebisha hodi huambiwa nimepita juu kidogo au chini kidogo. Ajenda ni moja: mtaro upanuliwe au usipanuliwe. Ushahidi tafadhali."

Nikasimama. Daftari halikungoja nilifungue. Lilijisoma lenyewe, kwa sauti ya marehemu mwalimu mkuu wetu, herufi moja moja. Lilipofika "sabini na moja, hakuna zaidi," miaka yote ikaitikia kwa vichwa.

Mtaro, uliokuwa umeketi chini kwa sababu ya umbo lake, ukainua mkono. "Mimi nilijengewa sabini na moja. Sabini na mbili simjui, na akija sitamfungulia."

"Hatakuja," nikasema. "Hayumo."

"Nimo," akasema mtu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, aliyelowa kutoka kichwani hadi miguuni kwenye uwanja mkavu. Mkononi alishika chupa ya kipimo cha mvua, imezibwa kwa kitambaa. Kifuani alivaa namba kumi na mbili, ndogo mno kwake, iliyombana makwapani.

"Mimi ni Aprili kumi na tisa, mwaka wa saba wa daftari," akasema. "Wenzangu wote wana namba zao. Mimi nimevishwa ya dada yangu, Aprili kumi na nane. Milimita kumi na mbili. Hainienei, waheshimiwa. Tazameni."

Wakatazama. Mwaka wa saba ukainamisha kichwa.

"Mwalimu," akasema Wastani, "saa tatu asubuhi ya siku hiyo ulikuwa wapi?"

Nikamtazama Pazi. Pazi akakitazama kiatu chake.

Niliwaeleza, kwa kuwa ndotoni mtu hana pa kuegemea. Siku hiyo alizikwa mtunza stoo wa shule, Mzee Mwinshehe, Mzaramo. Nilifika msibani saa moja nikikusudia kuondoka saa mbili na nusu, niwahi kipimo. Pazi, kwa haki ya utani, akanifunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya turubai na kutangaza kwamba Mnyamwezi hatoki mpaka amlilie marehemu kwa kiwango cha kuridhisha. Nililia mara nne. Kila mara alisema huo ni mlio wa mbuzi. Wafiwa walicheka mpaka wakasahau kulia, ndiyo maana ya utani, na mtani hakasirikiwi. Mvua ikashuka juu ya turubai mpaka likapasuka. Nilifunguliwa alasiri.

"Na chupa?"

"Nilikuta imejaa hadi mdomoni na kumwagika. Huchukua mia moja."

Uwanja mzima ukavuta pumzi.

"Kanuni inasemaje?" Wastani akauliza.

"Uandike 'haikupimwa'. Lakini mpimaji ambaye hajakosa siku hata moja hupenda kubaki hivyo. Nikaandika kumi na mbili, kama jana yake."

Joto, lililokuwa limekuja na kiti changu, likainua kidole. "Niseme kwa faida ya Mwalimu. Akikiri, atakuwa amethibitisha kwamba hata zamani dhoruba zilikuwapo na dunia haijabadilika, jambo analolisema kila siku kibarazani. Atashinda ubishi na kukosa kibaraza cha kubishania."

"Zamani alikuwa huyu mmoja," likasema Wingu, likipekua. "Jalada la mwaka huu lina nane wa saizi yake. Mimi si mwanasiasa, nasoma kilichoandikwa."

Nikalivuta daftari kifuani.

"Mimi kesi yangu ni fupi," akasema Aprili Kumi na Tisa. "Maji yangu hayakuandikwa popote, kwa hiyo hayajaisha. Nimeyabeba miaka yote hii. Nimechoka." Akaondoa kitambaa.

Maji yanatoka. Hayana haraka, lakini hayakomi. Yanapita chini ya viti, miaka inainua miguu kwa adabu. Yanaufikia Mtaro, nao unayameza mpaka sabini na moja, unafunga mdomo, unatikisa kichwa. Yaliyobaki yanashuka bondeni moja kwa moja, kana kwamba yana anwani ya Pazi.

Dakika hiyo hiyo Pazi anatokea kule chini juu ya kitanda cha mninga, kinaelea, na yeye anakipiga kasia kwa kiatu. Mchagoni ameketi Bi Siwema, anatafuna tambuu. Maji yamekwisha kufika kwenye godoro.

"Mnyamwezi! Andika!" Pazi anapiga kelele. "Kitanda hiki ni cha mteja!"

"Ulinifunga wewe!"

"Ungelia vizuri ningekufungua!"

Bi Siwema akatema tambuu majini, akanitazama bila hofu yoyote. "Lugusha mwanangu. Kumlilia Mwinshehe mara nne kulikushinda. Na kuandika neno moja nako kunakushinda?"

Nilikuwa na majibu ya kitaalamu. Maji yakamfika kiunoni. Nikayaacha majibu.

Nikachukua kalamu. Kalamu ikaninong'oneza kwamba wino wake haufutiki, nifikirie hadhi yangu. Nikaiambia inyamaze. Nikafuta kumi na mbili kwa mstari mmoja, kama kanuni inavyotaka, na kuandika: "Haikupimwa. Mpimaji alikuwa amefungwa na mtani."

Maji yakasimama. Kisha yakageuka, yakapanda kutoka bondeni kwa foleni, tone moja nyuma ya jingine, yakaingia katika kile kisanduku kidogo cha daftari mpaka la mwisho. Kitanda kikatua. Wastani akainuka, akasogeza kiti chake upande kidogo, akaketi tena. "Hapa ni pazuri zaidi," akasema. "Sasa huenda nikaonekana nyumbani."

Aprili Kumi na Tisa akaivua ile namba kumi na mbili, akaikunja vizuri kwa ajili ya dada yake, akapumua mpaka mwisho. Hakunishukuru. Alinikabidhi chupa tupu, kama mtu anavyorudisha chombo cha jirani.

Niliamka saa tatu kasoro dakika mbili. Joto lilininyima usingizi mpaka alfajiri, ndipo likanizidishia. Kiti changu kilikuwa kitupu na pangaboi lilikuwa kazini.

Daftari hulifungia kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni, na ufunguo hulala shingoni mwangu. Nilifungua si kwa kuamini lolote, bali kwa sababu ilikuwa saa tatu na mkono una mazoea yake. Mfuko ulikuwa mkavu. Jalada kavu. Kurasa zote za mwaka wa saba kavu, isipokuwa kisanduku kimoja, upana wa ukucha, Aprili kumi na tisa. Kilikuwa kimeloa, na wino wa kumi na mbili umechuruzika mpaka hausomeki. Aprili kumi na nane, juu yake, na ishirini, chini yake, hazikuguswa.

Nikakagua dari. Nikakagua bati. Nikafikiria jasho, lakini jasho langu halijui kusoma tarehe.

Niliandika neno nililotakiwa kuandika siku ile, na nikatia saini. Kisha nikachukua daftari mkono huu na sururu mkono ule, nikatoka.

Pazi alikuwa ameshakikalia kibaraza, akisubiri mkutano. Kwa kuwa alikuwa na kiatu kimoja tu mguuni, nilimuuliza cha pili kiko wapi. Akasema anakitafuta tangu asubuhi, kisha akaiona sururu.

"Mnyamwezi, leo umepata mzigo wa nani?"

"Wako," nikasema. "Inuka, nianze hapo ulipokaa."