Mstari wa Mama Petrona

Thierry hawezi kuona mstari uliopinda akanyamaza. Mimi Tabia, mtu wa Tanga, nimekodi naye chumba kimoja cha ushonaji hapa Bellevue, Johannesburg, na nimechoka kusimangwa kwa ajili ya pindo zangu. Basi mteja wetu Murielle alipomletea blauzi ya marehemu bibi yake aikaze shingo, ili aivae kesho kwenye harusi yake, fundi wetu hakuishia shingoni. Kifuani, katikati ya nakshi nyekundu, uzi mmoja wa buluu ulipanda, ukayumba, ukashuka. Akachukua sindano, akaufumua wote ili aunyooshe.

Ndipo Murielle akarudi na mamake, Mama Petrona. Ni Mmaya wa milima ya kusini mwa Meksiko. Marehemu Gustave, Mkongo aliyekwama kule akiitafuta Amerika, ndiye aliyemuoa, akamleta hapa na kumfundisha Kiswahili cha kwao Kongo. Siku hizi macho yake yana ukungu. Alipapasa blauzi, akaketi.

"Thierry, mustari iko wapi?"

"Mama, nilizani fundi alikosea."

"Hakuna mwenye alikosea."

Akatueleza. Zamani wenye mashamba ya kahawa waliuchoma mji wao mdogo na kuwafukuza watu. Wakaishi msituni, mlimani, hata wakarudi na kujenga palepale. Wanawake wakaifuma safari hiyo, na hadi leo kila blauzi ya mji ule inayo. Niliwaonea fahari watu wale nisiowajua. Mji wenyewe kanisa na soko tu, lakini wanakwenda kununua mahindi na historia yao kifuani.

"Nitairudisha," Thierry akasema, uso umemshuka.

"Haujue njia. Na mimi sioni tena." Akamgeukia bintiye. "Ni weye."

Murielle, mzaliwa wa hapa, hakuwahi kufuma hata kitambaa cha meza.

"Eish, Mama, nitaharibu."

Hata hivyo akashika sindano. Mama akamwongoza kwa kidole: hapa nyumba ziliungua, hapa walivuka mto, hapa juu bibi yako alizaliwa. Msichana ambaye hakuwahi kuuliza lolote kuhusu mji ule sasa alikuwa akiuliza kila mshono. Thierry aliwashikia taa, na kwa mara ya kwanza hakumkosoa mtu.

Alipomaliza, Mama aliupapasa mstari taratibu mpaka mwisho, kidole kikapita pale ulipotakiwa kushuka.

"Umepita fasi ya kurudia."

"Nifumue?"

"Acha. Wale walirudi. Siye hatukurudi."