Sao ya Mkeka wa Peata

Nyumba ya Lupe haikosi watu. Haina kuta, kama nyingi hapa Samoa, kwa hiyo ukipita njiani unamwona anayekunywa kakao na unamsikia anayesengenywa, na ukipata nafasi unapanda kukaa. Mizaha yote ya kijiji huanzia pale. Hata ule wa "sao" ulianzia pale.

Sao ni kelele ya kushangilia mkeka mwembamba, ule wa harusi na msiba, unaofumwa miaka hadi unakuwa laini kama kitambaa. Wageni wakiukunjua, wanawake wenyeji hupaza sauti: "Sao!" Hakuna shukrani iliyo juu ya hiyo. Mkeka ukipita kimya, walioleta wajue wamekataliwa.

Sasa Lupe, mcheshi yule, akaanza kuwatolea sao samaki wa kopo. Nguruwe akivunja zizi, sao. Mpwa wake Setu aliponyolewa upande mmoja mashine ikafa, Lupe alimzungusha uani kama bibi harusi: "Saaao!" Tulicheka mpaka machozi. Haukupita muda, watoto wakawa wanalipigia basi sao.

Kisha mama yake Lupe akafariki.

Peata, mdogo wa marehemu, akapiga simu kutoka kisiwa cha pili. "Naja na mkeka tulioufuma na mama yako. Yeye aliuanza, mimi nikaumaliza. Alitaka uushangilie wewe, si mwingine."

"Nitaushangilia, mama mdogo."

Siku ya mazishi Peata na binti zake wakaja polepole juu ya majani, mkeka umekunjuliwa wote, manyoya mekundu pembeni. Lupe alisimama ukingoni mwa nyumba, mbele yetu wanawake wenyeji, macho yamevimba.

"Saaao!"

Sauti ikamkatikia katikati. Nyuma yangu jirani yetu Moelagi akashindwa kujizuia. "Kama nywele za Setu!"

Mmoja akapasuka kicheko, mwingine akajiziba mdomo kwa kanga, na safu nzima ikaanza kutikisika.

"Nyamazeni nyie!" Lupe akageuka tena kwa Peata, akapaza zaidi: "Sao! Sao!" Ndipo akaharibu kabisa, maana hivyohivyo ndivyo alivyomtolea nguruwe. Watoto barabarani wakaitikia kama vile basi limetokea.

Peata akasimama. Pindo la mkeka likagusa majani.

"Wee Lupe. Na leo pia ni mzaha?"

"Hapana, mama mdogo. Haki ya Mungu, leo ni kweli."

"Basi sema."

Lupe akafungua mdomo. Akaufunga. Atasema nini? Neno la mkeka ni hilo moja. Akashuka, akapiga magoti kwenye majani, akalishika pindo na kuliweka juu ya kichwa chake, uso ameuficha chini kama anayeomba msamaha.

Vicheko vilikuwa vimekwisha. Moelagi alitazama magoti yake mwenyewe. Tulijua ni zamu yetu kumsaidia, sauti moja tu ingetosha, lakini kila mtu alimwogopa jirani yake: nikisema, watacheka tena?

"Inuka, mwanangu," Peata alisema. "Jua kali."

Binti zake wakaukunja mkeka, wakaupitisha katikati yetu hadi kwenye jeneza. Hakuna aliyefungua mdomo. Ulipita kama unavyopita mkeka uliokataliwa, na Peata akaufuata nyuma, akitazama mbele tu.