Bodi Zilizogoma Kuungua

Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunatengeneza bodi za dari kwa nyuzi za katani. Zilikuwa nyepesi, unabeba kwa mkono mmoja huku unapiga soga, ila zilishika moto haraka kuliko karatasi. Tukazilowesha kwenye maji ya chokaa, tukaongeza gundi, tukazikandamiza upya. Wapi! Moto ulizila zote, nami nikatukana hadi mashine.

Siku moja msuko wa mdogo wangu ukanaswa na mashine ya kuchambulia nyuzi. Niliukata kwa kisu kabla haujamvuta kichwa. Nywele zikachanganyika na katani, tukasema potelea mbali, tukaendelea na kazi.

Bodi ya kwanza ya mchanganyiko huo niliishika juu ya jiko la gesi. Haikuungua. Mdogo wangu alilalamika mkono unamwasha, nikamwambia ni chokaa. Fundi dari akachukua zilizobaki, akazipigilia kwenye bweni la watoto.

Jioni nikairudisha ile bodi jikoni nimringishie mama. Mdogo wangu akapiga ukelele chumbani. Malengelenge yalikuwa yanamtoka mkononi huku namtazama. Nilipozima jiko, yakakoma. Nikakumbuka nywele zake zilizomo kwenye bodi hiyo, na kwenye zile za bweni.

Nikachukua nyundo nikazing'oe. Akanizibia mlango.

"Dada, ukizing'oa watarudisha zile za zamani."

"Na warudishe! Wewe ndiye niliyezaliwa naye."

"Na wale watoto hawana ndugu?"

Nikamsonya. Nikamwambia asubuhi naenda, atake asitake.

Asubuhi nilikuwa nafunga ngazi kwenye baiskeli nilipoona moshi upande wa bweni. Nikarudi ndani mbio. Alikuwa amelala kitandani, shuka halina hata doa, na ngozi yake inajikunja. Hakulia. Alikuwa ameng'ata kona ya mto. Nikammwagia ndoo ya maji, yakafuka mvuke. Nikammwagia nyingine, nalia, namgombeza, namwambia asithubutu kuniacha.

Fundi dari akaingia akihema, amejaa masizi.

"Magodoro yameteketea, lakini zile bodi zimegoma! Dari halikuwaangukia. Watoto wametoka!"

Mdogo wangu akageuza macho, akanong'ona meno bado yamebana mto.

"Wote?"

"Wote, dada'ngu."

Akauachia mto, pumzi yake ikakatika. Nikaendelea kummwagia maji, na hayakufuka tena.