Vijana wa Sajini Pridgen

Mume wangu Odell alikuwa anakufa kwa saratani ya figo, zimebaki wiki chache muda wa kudai fidia uishe, naye hataki hata kusikia neno wakili. Maji ya kambi aliyoitumikia yalikuwa na sumu miaka mingi. Dawa za kufulia nguo na kusafishia vyuma zilipenya ardhini mpaka visimani. Hilo halina ubishi tena, sheria yenyewe ya fidia imepitishwa. Kanisani kwetu nusu ya kwaya wameshadai. Odell peke yake ndiye mwenye kichwa kigumu. "Silishtaki jeshi langu," ananiambia, kisha anageukia ukutani.

Nilidhani ni kiburi cha uaskari. Kiburi hicho nimeishi nacho toka ujana, nimekipigia pasi na kukikazia vifungo, kwa hiyo sikujisumbua kutafuta sababu nyingine. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kabla hajaingia kaburini, mtu wa serikali akae mbele yake amsikilize. Kubembeleza kuliponishinda, nikampigia simu Lonnie Batchelor.

Lonnie alikuwa kuruta wa Odell enzi hizo, kijana mwembamba mwenye mdomo mrefu. Sasa ni babu. Kibofu chake kimetolewa, anatembea na mfuko wa mkojo chini ya shati, naye ameshadai. Alifika mchana mmoja wa Agosti, joto la Carolina limetukalia vifuani, akamkuta mzee kwenye kiti chake.

"Simama wima, kuruta," Odell akasema.

"Sajini, nikisimama wima huu mfuko utamwagika kwenye zulia la Bi Verna."

Walicheka mpaka Odell akapaliwa. Nikawapakulia maharage na mkate wa mahindi, nikamkonyeza Lonnie aanze.

"Sajini, wenzako wote tumedai. Wewe unangoja nini, upandishwe cheo?"

Odell alikuwa anamtazama kiunoni, pale shati lilipotuna. "Ni yale maji?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Nilikuwa nakunywesha kila saa."

Hapo nilielewa anaongea nini. Kwenye mazoezi ya kiangazi, ili kijana asianguke kwa joto, sajini humwamuru anywe chupa nzima ya maji kisha aipindue juu ya kichwa chake mwenyewe. Akilowa, basi hakumaliza, anajaza tena na kunywa upya. Odell hakuwahi kupoteza kijana hata mmoja kwa joto, na jambo hilo alijivunia kuliko nishani zake zote.

"Kila saa," Lonnie akakubali. "Na mimi ulininywesha mara mbili, maana ukinipa kisogo nilikuwa namwaga nyasini. Ukanikamata."

"Ningekuacha umwage."

"Ningezimia. Hukujua, Sajini. Na wewe ulikuwa unatangulia kunywa."

"Wangapi wamekwenda?"

Lonnie akaweka kijiko chini. "Hicks amekwenda. Tolliver amekwenda. Yule mrefu aliyekuwa anaimba usiku, Yarborough, naye figo, kama wewe."

Odell akafunika macho kwa kiganja. "Sasa niende nikadai nini, Verna? Mimi ndiye niliyekuwa nawasimamia wanywe."

Mume wangu ameoza kwa aibu ndani ya nyumba yangu, mimi namwita mwenye kiburi.

"Basi kawaambie hivyohivyo," nikasema. "Dai, halafu wakikuhoji, wataje vijana wako wote."

"Wataandika?"

"Kila neno," nikamjibu, kana kwamba nilikuwa najua.

Akaweka sahihi siku ileile.

Walikuja kumhoji nyumbani, maana hakuweza tena kusafiri. Walikuwa wakili wetu, wakili wa serikali, ambaye ni binti mmoja mpole mwenye sauti ya chini, na mama wa kuchapa kila linalosemwa. Odell alinyolewa, akavaa shati lenye kola, akakataa mto wa mgongoni. Binti akamuuliza, "Bwana Pridgen, ulipokuwa kambini, kwa siku ulikunywa maji kiasi gani?"

"Nilikuwa nawanywesha vijana," Odell akasema. Akaeleza yote: joto, chupa, kupindua. Akamtaja Hicks, akamtaja Tolliver, akamtaja Yarborough na nyimbo zake, akamtaja Lonnie aliyemwaga nyasini. Sauti ilimkauka lakini hakukoma. Tangu aanze kuumwa sikuwahi kumwona amekaa wima hivyo.

Binti alimwacha amalize. Kisha akamgeukia mama wa kuchapa. "Naomba maelezo hayo yafutwe, hayajibu swali." Akamrudia Odell kwa upole uleule. "Bwana Pridgen, nauliza maji uliyokunywa wewe."

Nikamtazama wakili wetu. Alikuwa anapekua karatasi zake. Baadaye alinieleza kwamba ndivyo mahojiano yanavyokwenda, tena kwa dai letu ilikuwa heri, maana kinachopimwa ni maji aliyokunywa yeye mwenyewe.

Odell alinigeukia mimi, si wao. "Verna," akasema taratibu, "ulisema wataandika."

Nilimshika mkono.

Akakohoa, akageuka kumtazama binti. "Chupa nane," akasema.

Hilo wakalichapa.