Ukurasa wa Kipatimu

Kibwana alikuwa fundi wa mashine za kusaga, na ndani ya begi la spana alibeba kompyuta kuukuu. Betri yake ilizimika ovyo, na kurasa za mtandao alizofungua zikapotea. Basi mwalimu Benedicto wa Kipatimu akamfundisha kuandika programu ya mistari minane: unaandika jina, yenyewe inatunza anwani ya ukurasa, siku nyingine ukiandika jina lile lile, ukurasa unafunguka. Kibwana akaziita kurasa zake kwa vituo alikozipatia. Njinjo, mikanda ya mashine. Rutamba, ratiba ya mabasi. Hakukumbuka jambo ila kwa njia aliyopita.

Jumatatu jioni aliingia Kivinje kwa dada yake.

"Shikamoo, da' Siti."

"Marahaba. Viatu unavua, au unapita tu?"

"Leo nimekuletea mama."

Siti akaacha kuchambua mchele. Zamani, wao wakiwa watoto, wageni wa chuo walimrekodi mama yao akiimba huku akitwanga, na Benedicto alikuwa ameukuta wimbo huo mtandaoni. Mtandao wa Kipatimu ulikuwa dhaifu mno, basi Kibwana akatunza anwani tu kwa jina la kituo kile, bila kuusikia wimbo. Siti alikuwa ameisahau sauti ya mama, na hilo lilimuuma kuliko magoti yake.

Kibwana akaandika: kipatimu. Ukurasa ukafunguka. Bei ya ufuta mnadani.

"Mama kawa ufuta?"

Kibwana akajipiga paji la uso. Mwezi uliopita alipita tena Kipatimu, akatunza bei za ufuta kwa jina lile lile. Programu haikuuliza kitu. Ilitupa ya kwanza, ikaweka ya pili. Akampigia Benedicto. Hapatikani.

"Anwani ameiandika daftarini. Kesho alfajiri naifuata."

"Nilijua! Miguu yako ilikuwa inatafuta sababu tu."

"Keshokutwa nipo hapa."

"Keshokutwa ya mwaka gani?"

Huko Kipatimu Kibwana aliinakili anwani herufi kwa herufi, kisha akaongeza mstari kwenye programu: jina likiwa na mwenyewe, uliza kwanza. Asubuhi yake, barabarani, roli la Njinjo lilikuwa linanguruma.

"Fundi, panda! Mashine ya kwetu imekufa!" utingo akamwita.

Kibwana akashika ubavu wa roli. Akauachia, akapanda bodaboda kurudi pwani, Kivinje.

Jumatano alasiri akatunza anwani kwa jina kivinje. Programu haikuuliza, maana miaka yote hiyo hakuwa ametunza kitu chochote cha kwao.

Akaufungua ukurasa. Ukatangulia mlio wa mchi, ikafuata sauti. Siti akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Kibwana alisikiliza mlangoni, begi begani, mguu mmoja nje. Katikati ya wimbo mama akanyamaza, kisha akafoka:

"We Kibwana! Hebu kaa chini, utaniangushia kinu!"

Siti akacheka huku machozi yakimtiririka. "Umesikia?"

Kibwana akatua begi, akavua viatu, akakaa.